Kutoka runinga hadi filamu: Sidney Lumet alivyofanya kazi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naongoza tamthilia ya runinga hapa Dar es Salaam. Tunashuti kwa kasi, kurasa nyingi kwa siku, na kila nikitaja kutengeneza filamu naambiwa runinga imeshaniharibu mkono. Nimesoma mahali kuwa Sidney Lumet alianzia runinga. Alikuwa mtu gani, alivukaje, na hayo mazoezi yake na waigizaji yanawezekana kwa bajeti kama zetu?"

Marahaba, mwanangu. Niseme mapema kwamba wanaokuambia runinga imekuharibu mkono wameligeuza jambo kichwa chini miguu juu. Lumet aliongoza filamu zaidi ya 40 ndani ya nusu karne, ya kwanza ikitoka 1957 na ya mwisho 2007, na karibu kila tabia ya kazi iliyombeba aliipata runingani. Haraka unayoilalamikia wewe ndiyo iliyomlea. Ila nyuma ya haraka yake kulikuwa na maandalizi makubwa, na hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze kwa kirefu, maana ndiyo yanayokosekana kwenye seti nyingi nilizoingia.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 25 Juni 1924, mtoto wa waigizaji. Baba yake, Baruch Lumet, na mama yake walikuwa watu wa jukwaa la Kiyidi, lugha ya Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki. Familia ilihamia New York naye akiwa mdogo sana, akaanza kuigiza redioni na jukwaani katika umri ambao watoto wengine hawajaanza shule. Mwaka 1935 alikuwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, katika *Dead End*. Mwaka 1940 akaigiza nafasi ya Yesu kijana katika tamthilia ya Maxwell Anderson. Kisha vita ikamchukua: alikuwa fundi wa rada wa jeshi la Marekani, akapelekwa India na Burma. Aliporudi aliunda kikundi chake cha maigizo na kufundisha uigizaji.

Usilipite hili haraka. Mtu huyu alishakaa upande wa mwigizaji tangu utotoni kabla hajaitwa mwongozaji. Alijua hofu ya kusimama mbele ya watu ukiwa hujui mwenzako atakutupia nini. Ukiona jinsi Henry Fonda, Katharine Hepburn, Al Pacino, Paul Newman na Philip Seymour Hoffman walivyomwachia roho zao mbele ya kamera yake, ujue kuwa imani ile ilikuwa na historia.

Mwaka 1950 aliingia CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kama msaidizi wa rafiki yake Yul Brynner, ambaye wakati huo alikuwa mwongozaji wa runinga. Brynner alipoondoka kwenda Broadway kuigiza katika *The King and I*, Lumet akarithi kipindi cha *Danger*. Hapa inabidi nikueleze runinga ya enzi hizo, kwa sababu si hii unayoifanya wewe. Kanda za video zilianza kutumika kwenye vituo vya Marekani mwaka 1956. Kabla ya hapo tamthilia ilirushwa moja kwa moja: waigizaji wako studio, kamera kadhaa zinatambaa sakafuni na nyaya zake, mwongozaji yuko chumba cha juu anatazama picha za kamera zote na kuita ipi ihamie hewani. Mwigizaji akimaliza sini moja anakimbia nyuma ya ukuta wa plywood akibadili koti ili aingie sini inayofuata. Akisahau mstari, nchi nzima imemwona. Hakuna teki ya pili.

Sasa jiulize, katika mazingira hayo mwongozaji anajiokoaje? Kwa mazoezi. Siku za mazoezi zilikuwa nyingi kuliko muda wa kurusha, na ilipofika saa ya hewani kila mtu alijua aende wapi, ashike nini na kamera gani inamtazama. Haraka ya runinga ile ilikuwa ya watu waliokwisha kuamua. Haraka ninayoiona kwetu mara nyingi ni ya watu wanaoamua mbele ya kamera, huku jenereta inanguruma na chakula kinapoa. Zote mbili zinaitwa kushuti kwa kasi, lakini hazina undugu.

Kuna sura nyingine ya miaka hiyo ambayo waongozaji vijana huipita, nami sipendi waipite. Zilikuwa zama za Seneta McCarthy, za kuwasaka wakomunisti, na waandishi wengi walipigwa marufuku kufanya kazi. Kwenye kipindi cha *You Are There*, kilichoigiza matukio ya kihistoria kana kwamba wanahabari wa CBS walikuwepo, Lumet na mtayarishaji Charles Russell walifanya kazi na waandishi watatu waliokuwa kwenye orodha ile nyeusi: Walter Bernstein, Abraham Polonsky na Arnold Manoff. Skripti zilipelekwa kwa majina ya watu wengine. Nao wakachagua visa vyao kwa makusudi: kifo cha Socrates, Galileo mbele ya wakuu wa kanisa, kesi za uchawi za Salem. Mtazamaji mwenye akili alielewa nani anasemwa. Kwa hiyo ukiona katika filamu zake mtu mmoja akisimama dhidi ya chumba kizima, au dhidi ya kikosi kizima cha polisi, ujue jambo hilo alilijua kwa kuliishi, na alilijua akiwa runingani.

Sasa tuje kwenye kuvuka. *12 Angry Men*, hadithi ya wazee wa baraza la mahakama 12 wanaoamua kama kijana auawe au aachiwe, ilikuwa kwanza tamthilia ya runinga iliyoandikwa na Reginald Rose na kurushwa na CBS mwaka 1954 chini ya mwongozaji mwingine, Franklin Schaffner, ambaye naye baadaye alihamia filamu na kushinda Oscar kwa *Patton*. Henry Fonda alitaka kuigeuza filamu. Yeye na Rose wakawa watayarishaji, wakamkabidhi Lumet, kijana wa miaka 32 ambaye hajawahi kuongoza filamu hata moja. Bajeti ilikuwa takriban dola 340,000, ndogo hata kwa wakati ule. Walifanya mazoezi wiki mbili, wakashuti kwa siku kama 20.

Filamu karibu nzima iko ndani ya chumba kimoja. Mwingine angehangaika kutafuta sababu za kutoka nje. Lumet alifanya kinyume: aliamua chumba kizidi kuwa kidogo kadiri hadithi inavyokwenda. Theluthi ya kwanza ya filamu aliipiga kwa lenzi pana, ile inayoonyesha eneo kubwa, kamera ikiwa juu ya usawa wa macho. Theluthi ya pili kamera ikashuka hadi usawa wa macho. Ya mwisho ikawa chini ya macho, kwa lenzi ndefu zinazousogeza ukuta wa nyuma hadi karibu na bega la mtu, na dari ikaanza kuonekana. Kuta hazikusogea hata inchi, ila wewe mtazamaji unajikuta unahema. Halafu wazee wale wanapotoka nje kwenye ngazi za mahakama, akatumia lenzi pana kuliko zote za filamu nzima, ili upate pumzi. Mpango huu aliupanga yeye na mpigapicha wake, Boris Kaufman, kabla ya siku ya kwanza ya kushuti.

Na utazame walivyookoa pesa, maana hili linakuhusu moja kwa moja. Kuhamisha taa ndiko kunakokula muda. Basi taa zikishawekwa kwa upande mmoja wa chumba, walipiga shoti zote za upande ule, za mwanzo wa hadithi na za mwisho wake, ndipo wakahamia upande mwingine. Maana yake ni kwamba Fonda na Lee J. Cobb, unaowaona wakikabiliana jicho kwa jicho, baadhi ya maneno yao yalipigwa kwa siku tofauti, zimepishana kwa siku kadhaa. Hasira ya mmoja ilibidi iungane na hasira ya mwenzake ambayo haijapigwa bado. Kwetu tunashuti hivyo hivyo kila siku, kwa lokesheni, sebule yote leo na jikoni yote kesho. Tofauti ni kwamba wao walishaicheza hadithi nzima mfululizo kwenye mazoezi. Mwigizaji alijua kipimo cha hasira yake kwa dakika ya 20 na kwa dakika ya 80, na mwongozaji alikuwa na kumbukumbu ya kumrudishia.

Filamu ilipata tuzo kuu ya tamasha la Berlin mwaka 1957 na kuteuliwa kwa Oscar tatu, ya uongozaji ikiwamo. Kwenye majumba ya sinema haikuuza vizuri. Lumet hakuihama runinga kwa hilo wala kwa lile. Mwaka 1960, akiwa ameshatoa filamu nne, alirudi runingani na kuongoza *The Iceman Cometh* ya Eugene O'Neill, tamthilia ya karibu saa nne, Jason Robards akiwa mbele. Miaka miwili baadaye akachukua tamthilia nyingine ya O'Neill, *Long Day's Journey into Night*, akaifanya filamu, na waigizaji wake wakuu wote wanne wakatuzwa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Mikono ile ile, watu wale wale. Kwake runinga na filamu zilikuwa vyumba viwili vya nyumba moja.

Mazoezi yenyewe alikuwa na utaratibu wake, ameueleza katika kitabu chake *Making Movies* cha 1995, nacho ukikipata usikiache. Kwa kawaida wiki mbili, katika ukumbi wa jamii ya Waukraine huko Second Avenue, Manhattan. Siku za kwanza wanakaa mezani, wanasoma, wanabishana hadithi inahusu nini. Baadaye wanasimama. Sakafuni zimebandikwa tepu zinazoonyesha kuta, milango na samani kwa vipimo vya seti halisi, na waigizaji wanapita humo kana kwamba kuta zipo. Mwishoni wanacheza filamu nzima bila kusimama, na mpigapicha anakaa pembeni akitazama, kwa hiyo naye anakuja kwenye seti ameshajua mtu atasimama wapi. Ndiyo sababu Lumet aliridhika mara nyingi na teki moja au mbili, na watu wake wakarudi nyumbani mapema.

Wapo wanaoogopa kwamba mazoezi yanaua uhai wa uigizaji. Nenda ukatazame *Dog Day Afternoon* ya 1975, halafu uniambie kama kuna kitu kilichokufa mle. Ilitokana na uvamizi wa benki uliotokea kweli Brooklyn mwezi Agosti 1972. Kwenye mazoezi waigizaji waliruhusiwa kubuni maneno yao, yakarekodiwa, na mwandishi Frank Pierson akayaingiza kwenye skripti. Kwa hiyo yanayosikika kama maneno ya papo hapo, mengi yamepita mezani kwanza. Pierson alipata Oscar.

Katika filamu hiyo kuna sini ambayo hupenda kuirudia na wanafunzi. Pacino, ambaye ni mvamizi aliyezingirwa na polisi, anapiga simu kwa mpenzi wake, kisha kwa mkewe, simu mbili mfululizo. Lumet alitaka azicheze zote kwa pumzi moja. Kikwazo kilikuwa kwamba kasha la utepe wa filamu kwenye kamera lilibeba futi 1,000, yaani kama dakika 11, na simu hizo zilizidi hapo. Akaweka kamera mbili bega kwa bega. Ya kwanza ikikaribia kuishiwa, ya pili inaanza. Pacino akaimaliza vizuri sana, amelegea, watu wamenyamaza. Lumet akasema irudiwe hapo hapo, bila mapumziko. Pacino alimtazama kana kwamba mwenzake amerukwa na akili. Lakini mvamizi yule katika hadithi amechoka kupita kiasi, hana tena pa kujificha, na sasa mwigizaji mwenyewe amefika pale pale. Teki ya pili ndiyo iliyomo katika filamu. Uamuzi ule wa sekunde chache unaweza kuufanya tu ukiwa humwazii mpigapicha wala taa, kwa sababu mambo hayo yamekwisha kupangwa.

Kwenye *The Verdict* ya 1982 alifanya jambo tofauti. Paul Newman, aliyeigiza wakili mlevi, alikuwa hodari kwenye mazoezi lakini kuna mlango alikuwa ameufunga. Lumet hakumwambia mbele ya watu. Alimvuta pembeni mwisho wa wiki, akamwambia kuwa mhusika hajapata damu, na kwamba ni juu yake Newman kuamua kama atatoa kitu chake mwenyewe. Jumatatu Newman alirudi mtu mwingine. Angeyagundua hayo siku ya kushuti, angekuwa amechelewa.

*Serpico* ya 1973 ina somo la kiufundi: Pacino, anayeigiza polisi, alifuga nywele na ndevu, wakaanza kushuti mwisho wa hadithi na kurudi nyuma, wakizipunguza kidogo kidogo hadi kuwa polisi kijana. Na *Network* ya 1976, iliyoandikwa na Paddy Chayefsky, ambaye naye ni zao la runinga ya moja kwa moja, inaihukumu runinga yenyewe. Mwanga wa filamu ile unaanza kawaida kabisa, wa ofisi na wa barabarani usiku. Kadiri kituo kinavyouza utu wake kwa ajili ya watazamaji, mwanga unazidi kupambwa, hadi mwishoni kila kitu kinang'aa kama tangazo la biashara. Ilipata Oscar nne, tatu za uigizaji. Peter Finch alikuwa amefariki kabla ya kupewa yake.

Si kila alichogusa kilisimama. *The Wiz* ya 1978, yenye Diana Ross na Michael Jackson, ilikula mamilioni ya dola na haikuyarudisha, na kwa maoni yangu huko mwongozaji alizidiwa na ukubwa wa seti. Miaka ya tisini ina filamu zake kadhaa ambazo sina haja ya kukutuma uzitazame. Alifanya kazi mfululizo, akakubali pia skripti zisizo nzuri. Wahakiki wengine, Andrew Sarris akiwa mmojawapo, hawakumweka katika safu ya wakubwa kwa hoja kwamba hana mtindo wake, kamera yake haina sahihi. Mimi naona hoja hiyo ina kasoro. Mtu anayebadili lenzi theluthi kwa theluthi bila wewe kugundua ana mtindo, ila hakutaka uutazame mtindo ukaacha kumtazama mtu anayesema. Katika kila kazi alianza kwa kujiuliza hadithi inahusu nini, kwa sentensi moja, na jibu hilo ndilo lililochagua lenzi, rangi na mwanga. *The Verdict* haina rangi ya samawati kwa sababu hiyo: yote ni rangi za majira ya kupukutika majani, kwa kuwa mtu yule anabeba mzigo wa zamani.

Aliteuliwa mara nne kwa Oscar ya uongozaji, hakushinda hata moja. Mwaka 2005 akapewa ya heshima, na Pacino ndiye aliyemkabidhi. Lakini angalia alikuwa anafanya nini muda huo. Mwaka 2001, akiwa na miaka 76, alikuwa amerudi runingani na *100 Centre Street*, tamthilia ya mfululizo kuhusu mahakama ya New York, aliyoishuti kwa kamera za kidijitali wakati rika lake wengi bado wanazikataa. Ujuzi huo akaubeba hadi filamu yake ya mwisho, *Before the Devil Knows You're Dead* ya 2007, kali kama ya kijana. Alifariki Manhattan tarehe 9 Aprili 2011.

Sasa bajeti yako. Mazoezi ni nafuu kuliko kushuti, na hili mtayarishaji wako lazima aonyeshwe kwa hesabu. Siku ya kushuti unalipia kamera, taa, jenereta, usafiri, na chakula cha kila aliyepo. Siku ya mazoezi unahitaji ukumbi, viti, tepu ya sakafuni, na posho na nauli ya waigizaji. Posho hiyo usiifute. Mwigizaji asiyelipwa nauli atakuja mara moja tu.

Usiombe wiki mbili, hutapewa. Chagua kipande kimoja cha tamthilia yako ambacho sehemu kubwa iko ndani ya chumba kimoja, uombe siku mbili. Siku ya kwanza kaeni mezani, msome mara mbili, na asitoke mtu kabla hamjakubaliana hadithi inahusu nini kwa sentensi moja. Siku ya pili pima chumba halisi, bandika tepu, muicheze tangu mwanzo hadi mwisho, mpigapicha wako akiwepo na daftari lake. Usiku wake kaa naye mpange shoti kwa pande za chumba, upande mmoja mmoja, kama walivyofanya Lumet na Kaufman. Siku ya kushuti mpe mtu kazi ya kuandika idadi ya teki kwa kila shoti na saa mliyofunga kazi. Karatasi hiyo, pamoja na ya kipande cha wiki iliyotangulia, ndiyo utakayoingia nayo kwa mtayarishaji ukiomba siku mbili nyingine.